Betri Nne za Redio ya Baba

Jambo lote liligharimu betri nne kubwa za redio, mbuzi mmoja, nauli ya watu wawili kwenda Timboroa na kurudi, na mazishi ya mjomba wangu. Nimehesabu mara mbili. Hayo mazishi sikujua niyawekee bei gani, ndiyo maana nimeyaandika mwisho, kama vile mwenye magunia anavyoficha lililotoboka chini ya fungu.

Mambo haya yalikuwa yamelala. Yaliamshwa na ufunguo wa gari. Binti yetu ametuachia gari lake hapa nyumbani, kwa sababu mama yake ana presha na siku nyingine ni lazima afike hospitali haraka. Ufunguo wenyewe una rimoti: ukibonyeza, gari linajibu kwa mlio mfupi na kupepesa taa. Ndani ya rimoti mna betri bapa, ndogo kuliko kifungo cha koti. Ilipoisha mara ya kwanza nilienda kwa mwenye duka la spea, nikamshusha bei mpaka akaanza kucheka, kisha nikamuuliza kile ambacho alisema wateja wengine hawamuulizi: nifanye nini hii idumu?

Alinieleza. Usitundike ufunguo karibu na gari, maana aina hii huitana na gari usiku kucha na betri inaliwa bure. Usiuweke mfuko mmoja na sarafu, zitaubonyeza bila wewe kujua. Usiuache kwenye dashibodi ukipikwa na jua. Na ukinunua betri, nunua iliyofungwa kwenye pakiti yake, si zile zinazomwagwa mezani kama njugu. Nilisikiliza kama mtu aliye kanisani. Nikarudi nyumbani, nikatafuta kopo la majani ya chai, nikaligongomea ukutani upande wa jikoni, mbali na gari, na kwa siku mbili nikahesabu. Tulikuwa tunabonyeza mara kumi na moja kwa siku. Sita kati ya hizo zilikuwa za bure, mtu anahakikisha kile alichokwisha kuhakikisha. Nikazipiga marufuku. Halafu nikaona, mbona nisiitoe betri kabisa jioni, niirudishe asubuhi?

Mke wangu alinikuta mezani na kisu kidogo, rimoti imefunguka vipande viwili.

"Baba watoto," akasema, "umeanza tena?"

Hilo "tena" ndilo lililonirudisha Munyaka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunakaa mtaa wa Munyaka, hapa Eldoret, kwenye ploti ya vyumba sita vilivyotazamana, kuta za mbao, mabati juu, bomba moja katikati. Sisi tulikuwa na vyumba viwili. Kazi yangu ilikuwa magunia matupu. Wakati wa kuvuna mahindi, mkulima wa huku anaweza kulala bila sukari lakini hawezi kulala bila gunia, na mimi ndiye niliyekuwa na magunia. Niliyanunua kwa mafungu ya ishirini na tano, nikayashona yaliyoraruka, nikayauza moja moja. Mwenye kuuza fungu ana ujanja wake: anakunja gunia moja vizuri lionekane mawili. Kwa hivyo nilizoea kuhesabu kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Watu walinicheka pale sokoni. Lakini ile hesabu ya pili ndiyo iliyolipa karo ya watoto wangu, na waliocheka niliwauzia magunia.

Mama alikuja kukaa nasi baada ya baba kufariki. Alikuja na kikapu, blanketi mbili, na redio ya baba. Ilikuwa redio ya bendi tatu, yenye mkanda wa ngozi wa kubebea, na ilikula betri nne kubwa, zile nene za tochi. Katika ukoo wake mama alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu, mdogo wake, kitinda mimba wao, mjomba wangu wa Timboroa. Walitoka mkoa wa Central pamoja wakati watu wakitafuta mashamba, na yeye akapata kipande chake karibu na msitu. Alilima viazi na njegere, na siku ambazo shamba halikumhitaji alifanya kazi kwa kiwanda cha mbao. Baridi ya kule na vumbi la mbao vilimharibu kifua. Mama alimbeba mgongoni akiwa mdogo, na alipomzungumzia, hata akiwa mzee mwenye mvi, mikono yake ilienda nyuma kidogo kama anayekaza kitambaa cha mtoto.

Simu hatukuwa nayo, wao pia. Barua ilipitia sanduku la duka moja, na mwenye duka aliipeleka akikumbuka. Mara ya mwisho tulipomtembelea mjomba, akatusindikiza akikohoa mpaka barabarani, mama alimwambia, "Lolote likitokea, nitalisikia kwa redio." Mjomba akajibu, "Basi nunua betri." Wakacheka wote wawili. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Kwa wasiokumbuka, nieleze. Kila jioni, taarifa ya habari ya saa moja ikiisha, redio ilisoma matangazo ya vifo. Msomaji alimtaja marehemu na kwao, kisha akawapanga jamaa mmoja mmoja na mahali walipo: mwanawe wa Mombasa, dada yake wa Eldoret, binamu yake wa Thika. Mwisho akataja siku ya kuzika. Wakati huo ploti yote ilinyamaza. Aliyekuwa akisonga ugali alipunguza mwiko. Mtoto aliyelia alitolewa nje. Hata waliogombania bomba mchana walikaa ukuta mmoja, kichwa upande, wakisikiliza. Jina likipita bila kuwa lenu, unasikia pumzi zikitoka vyumba vyote.

Mama alikaa kwenye stuli, kitambaa kichwani na shali mabegani, amevaa kama mtu anayengoja kuitwa. Yakiisha alisema, "Leo bado," na kuzima redio kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo alipoweza kula.

Malipo ya tangazo yalikuwa kwa neno na kwa siku. Hilo nililijua vizuri, maana baba alipofariki mimi ndiye niliyetumwa mjini kulipeleka tangazo lake, na nilikaa na kalamu nikifyeka. "Mpendwa" niliikata, nikasema asiyependwa hatangazwi. Wakwe wa mbali niliwakata. Na nikalipia siku moja peke yake. Nilirudi nikawaeleza jamaa waliokusanyika kwamba redio ikisema, imesema. Walinisifu. Mjomba alikuwa pale na mwanawe mkubwa, na huyo kijana alinisikiliza sana, akauliza hata bei ya neno.

Sasa, betri. Mchana mke wangu alisikiliza vipindi vya salamu, watoto wakasikiliza muziki, na jioni mama akasikiliza vifo. Wiki tatu, betri zimekwisha, sauti inatoka kama mtu aliyefunikwa na blanketi. Nikachukua usukani. Kwanza nilizitia alama kwa msumari: mkwaruzo mmoja, miwili, mitatu, minne, ili nijue ipi inafanya kazi na ipi imekuja kutembea. Nambari tatu ilikuwa mvivu. Nilizibadilisha nafasi, ya mbele ikaenda nyuma. Niliziweka karibu na jiko zikapata joto. Nilizing'ata. Na asubuhi zenye jua nilizianika juu ya mabati.

Kwenye chumba kilichotazamana na chetu alikaa jirani mmoja kutoka upande wa ziwa, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Yeye alikuwa ameunganisha redio yake na betri kuukuu ya lori, kwa hivyo aliweza kutuonea huruma.

"Bwana magunia," aliniita asubuhi moja, nimesimama kwenye stuli, "leo umefua nini?"

"Natia betri moto."

"Kwa jua la Eldoret? Hili haliwezi kukausha soksi."

"Linatosha."

"Jua haliongezi kitu, ndugu yangu. Linaamsha tu wazee waliobaki ndani. Ukiwaamsha mara ya tatu, wanakuangalia tu."

"Wakiamka mara tatu nimepata siku tatu."

Alichukua moja, akaigeuza. "Na haya meno?"

"Ukiing'ata kidogo inapata nguvu."

"Hata mimi ukining'ata nitapata nguvu," alisema, "lakini si ya kuimba."

Nilicheka, lakini betri nilizihesabu aliporudisha. Kisha nikaongeza sheria: jioni vifo vikiisha, natoa betri zote, naziweka mfuko wa koti, naondoka nazo sokoni asubuhi. Salamu na muziki vikafa siku hiyo hiyo. Mke wangu alinuna wiki moja. Watoto walijifunza kuimba wenyewe.

Bado haikunitosha. Nikapima muda. Taarifa ya habari ilikuwa robo saa nzima, na ilienda vile ilivyoenda kila siku: Mtukufu Rais amefungua hiki, amechangia harambee ya kile, amewaonya wale. Nikaona hapo kuna dakika zimelala bure. Nikatangaza kwamba tutakuwa tunafungua redio taarifa ikiisha.

Siku ya pili fundi alivuka uwanja polepole, akasimama mlangoni kwangu, akashusha sauti.

"Jirani, nasikia siku hizi unaruka habari."

"Ni betri."

"Hizi kuta ni za mbao."

"Najua ni za mbao."

"Mtu akiuliza kwa nini redio yako haitaki kumsikiliza Mtukufu, utamwambia ni betri?" Aliangalia kushoto na kulia, ingawa pale palikuwa na kuku tu. "Mimi nitakuamini. Mimi nimekuona ukizing'ata."

Kesho yake tulisikiliza taarifa yote kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Basi dakika zikawa hazikatiki. Zilizobaki za kukatwa ni siku. Nikamwendea mama, akiwa anachambua maharagwe kwenye ungo, nikakaa karibu naye kama ninavyokaa na mtu mwenye fungu zuri.

"Mama, mtu hatangazwi mara moja."

"Nani amesema?"

"Ndiyo desturi. Watu wanalipia siku mbili, tatu. Wanajua huyu atakuwa shambani, yule atakuwa safarini. Tukisikiliza leo, tuache kesho, tusikilize kesho kutwa, hakuna kitu kitatupita."

"Kila siku ni kila siku."

"Siku nne kwa wiki."

"Sita," alisema mama. "Siku moja ipumzike. Hata Mungu alipumzika moja."

"Mama, sita na saba ni kitu kimoja. Nne, na sauti nitaongeza mpaka usikie ukiwa jikoni."

"Sita."

"Nne, na betri zikiisha nanunua mpya siku hiyo hiyo. Sitazing'ata."

Alitoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa nje. "Wewe ndiye unajua hesabu, kijana wangu."

Nilikuwa nimekaa sokoni miaka ya kutosha kujua tofauti ya muuzaji aliyekubali na muuzaji aliyechoka. Siku hiyo sikutaka kuijua.

Tukapanga: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili. Siku zilizobaki mama alivaa shali ile ile, akakaa kwenye stuli ile ile, saa ile ile, na redio kimya mbele yake. Mara mbili nilimwona ameweka mkono juu yake, kama anayepima homa. Betri ziliingia mwezi wa pili zikiwa na sauti safi, hata nambari tatu, na mimi nilitembea sokoni kama mtu aliyeongezwa mshahara.

Ilienda hivyo mpaka wiki moja ya mvua. Jumatano tulisikiliza. "Leo bado." Alhamisi tulipumzika. Ijumaa tulisikiliza. "Leo bado," akazima, akala vizuri, akaomba hata nyongeza.

Jumapili baada ya kanisa mama alikuwa bombani akiosha sukuma wiki. Mimi nilikuwa mlangoni nashona gunia, dhambi ndogo ya Jumapili. Fundi alitoka chumbani kwake na fulana, mswaki mdomoni, macho mekundu. Wiki hiyo yote alikuwa shifti ya usiku, na mchana hata ungeangusha bati kando yake asingeamka.

"Mama," alisema, "kumbe mmesharudi?"

"Kutoka wapi, mwanangu?"

"Timboroa."

Mama alicheka. "Timboroa nilienda kabla ya Krismasi. Wewe shifti inakupoteza."

Fundi alitoa mswaki mdomoni. Alinitazama mimi, kisha mama, kisha mimi tena.

"Jirani, hebu njoo kidogo."

"Sema hapa hapa," mama alimwambia. Hakuwa anacheka tena.

Alitema povu, akafuta mdomo kwa mkono, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele. "Alhamisi. Nilikuwa nafunga viatu niende kazini. Nikasikia jina la mzee wa Timboroa. Wakamtaja na dada yake wa Munyaka, Eldoret. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata redio yangu niliishikia sikioni, mlango wenu umefungwa, nikajua mko ndani kwa redio mnasikia. Nikasema nisiingilie watu wakilia. Juzi niliitwa kazini mapema, jana naamka nakuta kimya, nikasema wameenda." Akaficha mswaki kwenye kiganja. "Mama, mimi nilidhani mnasikiliza kila siku."

"Wanazika lini?" mama aliuliza.

"Ilikuwa jana, mama. Saa nane."

Mama alifunga bomba. Alianza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kuanzia kidole kidogo: Jumatatu tulisikiliza, Jumatano tulisikiliza, Ijumaa tulisikiliza. Akafika mwisho. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Watu huniuliza hii tabia niliitoa wapi.

Majani ya sukuma yalibaki kwenye karai mpaka jioni. Hakuna aliyeyapika.

Jumatatu asubuhi nilienda kununua mbuzi, maana mtu aliyekosa mazishi hawezi kuingia bomani mikono mitupu. Muuzaji alitaja bei. Nikatoa pesa. Aliinua noti juani, akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Alikuwa ananijua, na kwake ilikuwa rahisi kuamini noti ni bandia kuliko kuamini nimelipa bei ya kwanza. Mbuzi alisafiri kwenye buti la Peugeot ya abiria. Mama alikaa dirishani, shali mabegani, kutoka Eldoret mpaka Timboroa. Mimi nilihesabu nguzo za simu. Nilipofika mia mbili nikaona nahesabu nguzo za simu, nikaacha.

Timboroa ilikuwa imefunikwa na ukungu, baridi inakuingia kwenye meno. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, ukingoni mwa viazi, udongo mweusi bado haujatulia, maua yamelala na maji. Mama aliuliza kichwa kiko upande gani. Akaonyeshwa. Akaenda kusimama upande huo, akainama kidogo.

"Nimechelewa," alisema. Aliisema vile mtu anavyosema akifika mkutanoni na kukuta wamekaa.

Binamu yangu, yule mwana mkubwa wa mjomba, alituletea chai pale pale nje. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya jembe.

"Shangazi, tulikungoja," alisema. "Tulizuia jeneza lisishuke. Pasta aliimbisha nyimbo mpaka watu wakachoka. Kila gari likipunguza mwendo pale barabarani tulisema ni wewe. Karibu saa moja na nusu."

Mama alishika kikombe bila kunywa. "Mlitangaza siku ngapi?"

"Moja, shangazi."

"Kwa nini moja?"

Binamu alinigeukia mimi, na sikuona hasira usoni kwake, ingekuwa afadhali. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu ili amalizie hesabu ubaoni.

"Si ndivyo ulitufundisha?" aliniambia. "Kwa msiba wa baba yako. Redio ikisema, imesema. Nilikumbuka kila kitu. Hata 'mpendwa' niliikata."

Nilikuwa nimemhakikishia mama kwamba hakuna mtu anayelipia siku moja. Nilimjua mmoja. Alikuwa mimi. Nilihesabu betri mara mbili, dakika mara mbili, siku za wiki mara mbili, na katika hesabu zote hizo sikujiweka ndani. Kule kwa mama niliuza kusikiliza siku moja na kuruka nyingine, na huku Timboroa nilikuwa nimeshauza kutangaza siku moja tu, na zile mbili hazikukutana. Hata gunia likunjwe namna gani, sijawahi kudanganywa hivyo na muuzaji yeyote.

Nilimwambia binamu yangu kwamba kosa si lake. Alisema najua, au alisema haina neno. Kelele za mbuzi zilikuwa nyingi. Mama alinywa chai ikiwa imepoa, akamshukuru aliyeipika, akamwuliza binamu kama mjomba aliumia sana mwishoni. Akaambiwa hapana, alilala tu. Akaambiwa pia kwamba Jumatano, siku moja kabla ya tangazo, alikuwa ameuliza kama barabara ya Eldoret iko sawa na hii mvua.

Tukirudi, tulipofika karibu na mji, ndipo mama aliponisemesha. Hakunigeukia.

"Nilikuambia sita," alisema.

Hilo tu. Sikulisikia tena kwake, wala hakuwahi kumwambia mtu mwingine kwamba kosa lilikuwa langu. Mke wangu alijua, kwa sababu kuta ni za mbao. Fundi alijua, na alinifanyia jambo ambalo sijalisahau: kuanzia wiki ile, kila asubuhi akirudi au akitoka, aligonga mlango wetu na kusema, "Jana hakuna mtu wenu." Alifanya hivyo mpaka alipohama ploti. Hakuwahi tena kunitania juu ya betri, na utani wake niliukosa.

Jioni ya siku tuliyotoka Timboroa niliweka betri zote nne, nikasogeza stuli, nikafungua redio taarifa ikianza. Mama alisimama, akavua shali, akaikunja.

"Fungua ukitaka," alisema. "Mimi sina tena mtu wa kutangaziwa."

Akaenda jikoni. Nilisikiliza peke yangu mpaka mwisho, majina yote, na nilipozima hakuna aliyesema leo bado. Siku hiyo sikuzitoa betri. Wala siku iliyofuata. Nilimwambia mke wangu asikilize salamu zake apendavyo. Akasema hana hamu. Redio ikapanda juu ya kabati na kitambaa juu yake. Betri zile zilidumu kuliko zote nilizowahi kununua.

Mama alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, akanicheka inapobidi, akanitegemea inapobidi, akanipikia. Sitaki mtu afikiri nyumba ilikuwa kaburi. Lakini ikifika saa moja jioni alipata kazi ya kufanya uani. Alipofariki nilienda mwenyewe kupeleka tangazo. Nilirudisha "mpendwa". Niliwataja wakwe wa mbali, hata wale tusioongea nao. Karani aliuliza siku mbili au tatu. Nikamwambia sita. Aliniuliza kama nina hakika, na nikamwomba tafadhali ahesabu tena pesa, asije akanipunguzia.

Kwa hivyo mke wangu aliposema "tena", na mimi nimekaa na kisu na rimoti vipande viwili, nilifikiria siku ile presha yake itakapopanda ghafla, na mimi natafuta kwenye kopo la majani ya chai betri ndogo kuliko kifungo cha koti, kwa sababu nilitaka idumu. Niliirudisha ndani, nikafunga. Ushauri wa mwenye duka naufuata wote: ufunguo uko mbali na gari, mbali na sarafu, mbali na jua, na betri ya akiba iko kwenye pakiti yake, imeshikwa na utepe nyuma ya rimoti yenyewe. Lakini kubonyeza wabonyeze. Nimeacha kuhesabu. Jana ilikuwa mara tisa.

Baada ya hapo nilipanda juu ya kiti, nikaishusha redio ya baba. Imehama nasi nyumba tatu. Nilipofungua mlango wake wa nyuma nilikuta betri zote nne bado zimo, lakini zimevimba na kupasuka, zimetoa unga mweupe na kutu ya kijani iliyoshikana na springi na kula bati la pembeni. Mimi niliyezoea kuzitoa kila jioni, hizi niliziacha zikaharibu kila kitu. Mikwaruzo ya msumari inaonekana kwa shida: moja, mbili, nne. Ya nambari tatu imeliwa.

Binti yangu anasema nitupe. Sitaki kutupa. Nataka ifunguke tena, hata mara moja, saa moja jioni, wakati mama yake na mimi tumekaa. Kwa hivyo nauliza wanaojua: kutu ya betri ya miaka hii yote inaondolewa kwa nini, bila kuvunja springi? Nimesikia siki, nimesikia ndimu, nimesikia magadi, na kila mmoja anaapa kwa chake. Na kama ni kazi ya fundi, mnielekeze kwa aliye hapa Eldoret, anitajie bei. Nitalipa ile ya kwanza atakayotaja.